Simu za Mkononi na Swichibodi ya Ofisi: Namba ni Mali ya Chama

(Mazungumzo haya yalitolewa na Mkaguzi wa Ushirika mbele ya semina ya makatibu wa vyama vya msingi na wajumbe wa Bodi. Yanachapwa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo sasa linaulizwa katika vyama vikuu vingi: je, yawezekana kuziunganisha simu za mkononi za watumishi na mtambo wa simu wa ofisi? Na kama yawezekana, je, yafaa?

Swali la kwanza lina jibu fupi. Yawezekana, na njia zake ni zaidi ya moja. Swali la pili halijibiki kwa neno moja, kwa sababu linahitaji hesabu, na pia linahitaji tujiulize jambo ambalo wauzaji wa mitambo hawatatuuliza: namba za simu ambazo wakulima wetu wanazipiga ni za nani?

Nitaanza na swali hilo la mwisho, kisha nitaeleza mitambo yenyewe inavyofanya kazi, halafu gharama, hatari na sheria. Mwishoni nitataja mambo ya kutekeleza kabla ya msimu kufunguliwa.

KWA NINI MKAGUZI AJISHUGHULISHE NA SIMU

Ndugu Wanaushirika, nikifika katika chama cha msingi huomba daftari la mali. Ndani yake huona mizani, meza, viti, kabati la chuma, pikipiki na maturubai. Kila kitu kina namba yake, tarehe ya kununuliwa na thamani. Lakini namba ya simu ya chama, ile iliyoandikwa ukutani kwa rangi na kupigwa mhuri katika vitabu vya wanachama, aghalabu haimo katika daftari hilo. Nikiuliza ni ya nani, jibu huwa: "Hiyo ni simu ya Katibu."

Katika namba hiyo hupita bei ya mazao, siku ya kupokea mzigo, habari za pembejeo, wito wa mikutano, na mara nyingine habari za malipo. Kwa maneno mengine, biashara ya chama yote hupita mfukoni mwa mtu mmoja.

Nitoe mfano wa chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja. Mkataba wa mtumishi mmoja ulikwisha, akaondoka kwa salama, akakabidhi funguo, stakabadhi na fedha taslimu. Hati ya makabidhiano ilikuwa safi. Lakini namba iliyokuwa katika vitabu vya wanachama ilikuwa yake, akaondoka nayo. Msimu uliofuata wakulima waliendelea kumpigia wakiuliza siku ya kupima, naye akawapangia siku, akawatuma gari, akanunua mazao yao kwa bei yake. Kule Kusini biashara ya namna hii huiita kangomba, na Kagera huiita butura. Wapo wakulima waliojua walichokuwa wakifanya, lakini wapo pia, hasa wazee, waliodhani kwamba wanauzia chama chao. Chama kilikosa mzigo, kikakosa ushuru wake, na deni la pembejeo likabaki vitabuni bila zao la kulilipia.

Je, chama kingeweza kuidai ile namba? Hakingeweza. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa mwezi Januari, 2020. Laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu ni ya mtu huyo. Utaratibu ni mzuri kwa kuzuia wahalifu, lakini unatukumbusha kwamba chama kilichojenga jina lake juu ya laini ya mtumishi kimejenga juu ya kiwanja cha mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba chama chake kinataka kununua mtambo wa kuunganisha simu, mimi huuliza kwanza habari ya umilikaji wa namba. Mtambo uliofungwa juu ya namba za watu binafsi hautaondoa tatizo hili, hata ukiwa wa thamani gani.

SWICHIBODI NI NINI

Wengi wetu tunaifahamu swichibodi kwa kuiona: chombo kilicho mapokezini, ambacho hupokea simu kutoka nje na kuipeleka kwa Mhasibu, kwa Meneja au ghalani. Kazi yake ni mbili. Kwanza, inawawezesha watu walio ndani ya ofisi kuongea wao kwa wao kwa namba fupi bila kulipa. Pili, inawawezesha watu wengi kutumia laini chache za nje kwa zamu. Ofisi yenye meza ishirini haihitaji laini ishirini, maana si wote wanaoongea na nje kwa wakati mmoja.

Mtambo mmoja maarufu wa kuunganisha simu bila mkono wa opereta ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1891, kwa jina la Almon Strowger. Bwana huyu hakuwa fundi wa simu. Alikuwa mzishi wa maiti katika mji wa Kansas City. Husimuliwa kwamba alikuja kushuku kuwa opereta wa mji alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mzishi mwingine, ndipo akafikiri namna ya kumwondoa opereta katikati. Hadithi hiyo inatuhusu sana, maana mwenye kushika maungio ya simu ameishika biashara. Ilikuwa hivyo mwaka 1891, na ilikuwa hivyo katika kile chama cha msingi nilichokitaja.

Swichibodi za zamani zilikuwa za waya mtupu. Za siku hizi ni kompyuta ndogo iliyowekewa programu maalumu. Programu mojawapo inayojulikana sana, iitwayo Asterisk, ilitungwa na Mark Spencer mwaka 1999, nayo hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuitumia. Lakini tusidanganyike na neno bure. Programu ni bure, ila kompyuta, fundi na matunzo si bure.

NJIA NNE ZA KUUNGANISHA

Njia ya kwanza ni kuelekeza simu. Laini ya ofisi huagizwa kwamba simu ikiingia na isipojibiwa, au saa za kazi zikipita, ipelekwe katika simu ya mkononi ya mtumishi wa zamu. Haihitaji chombo kipya. Ila muwe na habari kwamba mwenye kuelekeza ndiye anayelipa kipande cha pili cha safari. Mkulima hulipia simu yake hadi ofisini, na chama hulipia kutoka ofisini hadi kwa mtumishi. Simu za mkononi nazo zinaweza kuelekezwa kwa kubonyeza tarakimu fulani, na hapo pana hatari ambayo nitairudia.

Njia ya pili ni kisanduku cha kadi. Hiki ni chombo kinachochomekwa kadi za simu, moja, nne, nane au zaidi, kisha kinaunganishwa na swichibodi kwa waya. Kwa swichibodi, kila kadi ni laini ya nje kama laini nyingine. Mkulima akipiga namba ya kadi hiyo, simu inalia mapokezini na opereta anaipeleka panapohusika. Mhasibu naye akimpigia katibu wa kijijini, swichibodi inachagua kadi ya mtandao ule ule anaoutumia katibu, ili chama kilipe bei ya ndani ya mtandao au kitumie kifurushi. Kumbukeni kwamba kadi moja hubeba mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Kisanduku chenye kadi nne hakiwezi kubeba mazungumzo matano, hata mkiomba.

Njia ya tatu ni programu ya simu. Mtumishi mwenye simu ya kisasa huwekewa programu ambayo hujiandikisha kwenye swichibodi kwa njia ya intaneti. Tangu hapo simu yake ya mkononi inakuwa meza mojawapo ya ofisi, ingawa mwenyewe yuko ghalani au kijijini. Ukipiga namba fupi ya Afisa Ugani, inalia mfukoni mwake. Yeye akimpigia mteja, mteja huona namba ya ofisi, si namba ya mtumishi. Siku akiacha kazi, ofisi humfuta katika orodha kwa dakika moja na namba hubaki kwa chama. Kwa upande wa udhibiti, hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Lakini ina masharti. Sharti la kwanza ni intaneti ya kutegemewa. Sauti ikichelewa njiani kwa zaidi ya sehemu 150 za sekunde iliyogawanywa mara elfu moja, waongeaji huanza kukatana maneno. Palipo na mnara dhaifu, mazungumzo hukatika katika, na mtumishi hurudia simu yake ya kawaida bila kumwambia mtu. Sharti la pili linahusu betri. Simu nyingi huzilaza programu zisizotumika ili kuokoa chaji, na programu iliyolala haisikii simu ikiingia. Fundi hana budi kuirekebisha kila simu moja moja, na kuijaribu ikiwa imekaa mfukoni kwa saa nzima, sio tu ikiwa mkononi mwake.

Njia ya nne ni kundi la wafanyakazi. Kampuni za simu huuza mpango ambao laini zote za taasisi moja huandikishwa pamoja, zikapigiana kwa ada ya mwezi badala ya kulipa kila dakika. Hapa hapana mtambo wowote. Hakuna opereta, hakuna kupeleka simu meza kwa meza, bali ni laini za chama zilizofungwa katika mzinga mmoja. Njia hii haisifiwi sana kwa sababu hakuna chombo cha kuuza, lakini kwa vyama vingi vya msingi inatosha.

HESABU YA GHARAMA

Ndugu Makatibu, kabla ya kuletewa ankara ya makisio na muuzaji yeyote, fanyeni hesabu yenu. Chukueni ankara na vocha za miezi mitatu, mmoja wa msimu na miwili ya kawaida, mkaandike katika safu nne: simu za ofisi kwa watumishi, simu za ofisi kwa vyama vya msingi, simu kwa wanunuzi na benki, na simu zisizojulikana. Katika ofisi ambayo haina daftari la simu, hiyo safu ya nne huwa ndefu kuliko mnavyodhani. Hiyo peke yake ni hoja ya ukaguzi.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme Chama Kikuu kina vyama vya msingi 30, na kila kimoja hupigiwa mara 4 kwa juma, dakika 3 kila mara. Hizo ni dakika 360 kwa juma. Msimu wa majuma 12 utakuwa na dakika 4,320. Zidisheni dakika hizo kwa bei mnayolipa leo kwa dakika moja, nanyi mtaona gharama ya msimu.

Sasa tulinganishe na programu ya simu. Sauti ikipitishwa bila kubanwa hutumia kiasi cha megabaiti 1.3 kwa dakika, kwenda na kurudi. Ikibanwa kwa njia iliyozoeleka hutumia kiasi cha nusu megabaiti. Dakika 4,320 kwa sauti iliyobanwa ni kiasi cha megabaiti 2,160. Hizo ni za upande mmoja, na upande wa pili nao unatumia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo, mkulinganisha, hesabuni intaneti ya ofisi na intaneti ya katibu aliyeko kijijini, maana katibu asiyepewa kifurushi na chama ataizima programu, na kosa halitakuwa lake.

Tofauti kati ya hesabu mbili hizo ndiyo akiba ya msimu. Gaweni bei ya mtambo kwa akiba hiyo, mtajua utajirudishia gharama baada ya misimu mingapi. Katika bei ya mtambo wekeni pia gharama za kuulea: fundi, betri za akiba, kinga ya radi, intaneti ya mwezi, na kubadilisha vifaa vinavyokufa. Mtambo unaohitaji misimu sita kurudisha gharama, na ambao fundi wake anakaa mkoa mwingine, si akiba.

Hata hivyo, akiba ya shilingi si faida pekee. Swichibodi ya kisasa huandika yenyewe kila simu: imetoka wapi, imekwenda wapi, saa ngapi, kwa dakika ngapi. Orodha hiyo ni ushahidi. Mwanachama akilalamika kwamba alipiga mara tano akiuliza malipo yake na hakuna aliyempokea, orodha itasema kweli. Mtumishi akisingiziwa, orodha itamtetea. Mimi nathamini faida hii kuliko ile ya dakika.

HATARI ZA KUJIHADHARI NAZO

Hatari ya kwanza ni wezi wa dakika. Swichibodi iliyounganishwa na intaneti huonekana na dunia nzima, na zipo kompyuta zinazozunguka usiku na mchana zikijaribu maneno ya siri. Zikifanikiwa, hupiga simu za nchi za mbali zenye bei kubwa, mara nyingi usiku au siku za sikukuu ambapo ofisi imefungwa. Ankara inayofuata huja kwa chama. Kinga yake si ngumu. Badilisheni maneno ya siri ya kiwandani siku ile ile ya kufungwa mtambo. Fungeni simu za nje ya nchi isipokuwa kwa meza zinazozihitaji. Wekeni kikomo cha matumizi kwa siku, au tumieni laini za kulipia kabla. Mtumishi wa nje aingie kwa njia ya siri iliyofungwa, si kwa mlango ulio wazi. Na yupo mtu mmoja mwenye wajibu wa kuitazama orodha ya simu kila asubuhi.

Hatari ya pili ni kuelekezwa kwa hila, ndiyo ile niliyoahidi kuirudia. Mtu hupiga simu akijifanya wa kampuni ya simu, akamwomba karani abonyeze nyota, 21, nyota, kisha namba anayomtajia. Karani akifanya hivyo, simu zote za chama zitakwenda kwa mwizi bila simu ya ofisi kulia hata mara moja. Kuhakikisha, bonyezeni *#21# na simu itaonyesha kama imeelekezwa. Kuondoa, bonyezeni ##21#. Makarani wote wafundishwe hivyo, na uchunguzi ufanywe kila Jumatatu katika msimu.

Hatari ya tatu ni fedha. Hakuna Mtanzania ambaye hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Katika chama, hila hiyo huja kwa sauti ya heshima: "Mimi ni Meneja, niko mjini, lipa mnunuzi huyu haraka." Namba inayoonekana kwenye kioo si ushahidi, maana yaweza kughushiwa. Kanuni iwe moja tu: hakuna malipo kwa neno la simu. Mwenye kupokea agizo akate simu, apige mwenyewe namba iliyomo katika daftari la chama, kisha angoje hati yenye saini mbili. Kadhalika, msiweke fedha katika kadi iliyomo ndani ya kisanduku. Laini ya fedha iwe peke yake, iwe na wasimamizi waliotajwa katika muhtasari wa Bodi.

Hatari ya nne ni umeme na radi. Simu ya zamani ya waya ilikuwa ikipata nguvu kutoka kwa mtambo wa posta, kwa hiyo ilifanya kazi hata taa zikizimika. Swichibodi ya kompyuta hufa pamoja na taa, na kisanduku cha kadi vilevile. Betri ya akiba si anasa. Na pale ambapo waya unatoka nje ya jengo au antena imepanda juu ya paa, waya wa ardhini uwekwe na fundi anayejua kazi yake.

MAMBO YA SHERIA

Nitayapitia kwa kifupi. Kwanza, taasisi inaweza kusajili laini kwa jina lake, kwa kutumia vielelezo vya taasisi na mwakilishi aliyeidhinishwa. Mwakilishi huyo ateuliwe na Bodi na aandikwe katika muhtasari. Akiondoka, mwakilishi mpya aandikishwe kabla ya yule wa zamani kukabidhi ofisi.

Pili, tangu Machi 2017 mtu aweza kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba "wanachama wetu wamezoea namba hii" isiwazuie kutafuta huduma bora. Namba ikiwa ya chama, chama kitahama nayo.

Tatu, vifaa vya kuunganishwa na mitandao ya simu huhitaji kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwambieni muuzaji aonyeshe kibali cha aina ya chombo anachouza. Aidha, kukitumia kisanduku cha kadi kuingiza simu za kutoka nchi za nje kana kwamba ni simu za ndani ni kosa la jinai, na watu wameshitakiwa kwalo. Mtu asije akawashawishi "kukodisha kisanduku usiku." Someni pia masharti ya vifurushi, kwa kuwa kampuni huweza kuifunga kadi inayotumiwa kinyume cha mkataba.

Nne, baadhi ya mitambo inaweza kurekodi mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakihusu chama kama inavyoihusu benki. Mpigaji aambiwe kwamba anarekodiwa na sababu yake, rekodi ziwekwe kwa muda uliopangwa, na zisisikilizwe na kila anayepita. Chama kinachokusanya taarifa za watu kinapaswa pia kujiandikisha kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa ofisi nyingi, orodha ya simu zilizopigwa yatosha, na kurekodi sauti hakuna lazima.

NANI ANAHITAJI NINI

Chama cha msingi chenye katibu, karani wa mizani na mlinzi hakihitaji swichibodi. Kinahitaji laini mbili zilizosajiliwa kwa jina la chama, moja ya wanachama na moja ya fedha, simu mbili za kawaida zilizoandikwa katika daftari la mali, na kundi la wafanyakazi likipatikana kwa bei nafuu. Muuzaji anayewaambia zaidi ya hapo anatazama ushuru wenu, hatazami shida yenu.

Chama kikubwa cha msingi chenye ghala, kiwanda cha kuchakata na ofisi iliyo mbali na ghala chaweza kuanza na kisanduku kidogo cha kadi. Chama Kikuu chenye idara, matawi na maafisa wanaozunguka vijijini ndicho chenye sababu ya swichibodi kamili pamoja na programu ya simu kwa maafisa. Hata hicho, ningeshauri kianze na maafisa watano kwa msimu mmoja, kipime, kiwasilishe taarifa, ndipo kiendelee.

Yapo malalamiko ambayo nimeyasikia kutoka kwa makatibu wenyewe, nami sitayaficha. Wanasema: "Mkituwekea programu ya ofisi katika simu zetu, tutapigiwa saa tano za usiku, na simu tumenunua kwa fedha zetu." Malalamiko hayo ni ya haki. Ikiwa chama kinatumia simu ya mtumishi, kilipe intaneti yake na kiandike saa za zamu, na mtambo uagizwe usimlilie mtu nje ya zamu yake. Ushirika ambao unamdai mtumishi uaminifu lakini unamtwisha gharama zake utampata mtumishi wa mdomoni tu.

YA KUTEKELEZA KABLA YA MSIMU

1. Kila chama kiandike namba zake zote za simu katika daftari la mali, na jina la msajiliwa wa kila namba.

2. Namba yoyote inayotumiwa na wanachama ambayo si ya chama ipatiwe mbadala. Namba mpya ibandikwe ofisini, ghalani, sokoni na msikitini au kanisani, na isomwe katika mkutano mkuu. Vitabu vya wanachama vipigwe mhuri mpya.

3. Hati ya makabidhiano ya ofisi iongezwe mstari wa laini za simu na maneno ya siri.

4. Kanuni ya "hakuna malipo kwa neno la simu" iandikwe, isainiwe na kila mtumishi, na ibandikwe juu ya meza ya Mhasibu.

5. Chama kinachotaka mtambo kifanye hesabu ya miezi mitatu, kipate bei kutoka kwa wauzaji watatu, na kiingize gharama katika makisio yatakayopitishwa na wanachama. Kisinunue kwanza na kuomba idhini baadaye.

6. Mkataba wa fundi useme atafika kwa muda gani mtambo ukifa katikati ya msimu, na nani mwingine anayejua maneno ya siri ya mtambo.

Ndugu Mwenyekiti, nitakapokuja katika vyama vyenu mwaka huu sitaanza kwa kuuliza mmenunua mtambo gani. Nitachukua kitabu cha mwanachama yeyote nitakayemkuta mlangoni, nitapiga namba iliyogongwa mhuri ndani yake, nami nitasikiliza ni nani anayejibu. Akijibu mtumishi wa chama, kutoka katika laini ya chama, tutaendelea na mambo mengine.